Maganda ya risasi Turkana: ushahidi unaouzwa kwa kilo

Wiki hii niwieni radhi, naacha mambo ya bandari na ardhi zetu niwapeleke Turkana, kwenye jua la Lodwar. Nilikwenda huko kumsaidia shemeji yangu ambaye ana duka la viungo na vitambaa Kakuma, kambini, na ambaye mahesabu yake yalikuwa yamemshinda. Mie mahesabu ndiyo kazi niliyosomea diploma, kwa hivyo udhuru sikuwa nao.

Gari letu lilikaa Lodwar siku mbili likingoja spea. Asiyezoea joto la Lodwar asidhani joto la Mombasa limemfunza kitu. Letu lina upepo wa bahari, la kule ni kama mlango wa tanuri umeachwa wazi. Nikawa nashinda chini ya kivuli cha mkoma, mti ule ule tulio nao huku Pwani, karibu na uwanja wa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Hapo ndipo nilipoona nilichokuja kukiandika.

Alikuja mama mmoja wa Kiturkana, shanga zimejaa shingoni, mkononi kashika mkebe wa mafuta ya kupikia, ile mikebe ya chakula cha msaada. Akaumimina juu ya gunia. Hayakutoka mafuta, yalitoka maganda ya risasi. Mamia. Mengine yang'aa kama pete ya duka, mengine yameshika kutu na vumbi. Yule mnunuzi hakushtuka hata kidogo. Akatoa sumaku iliyofungwa kamba, akaipitisha juu ya lile fungu kama mtu anayechambua mchele. Yaliyonata akayatupa upande mmoja, yaliyobaki akayapima kwenye mizani.

Nikamuuliza yule mama ameyatoa wapi. Akasema mengi ameyaokota penye uwanja ambao askari walifanyia mazoezi ya kulenga shabaha, baada ya wao kuondoka. "Na haya ya kutu?" Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Hayo ni ya huko," akasema, akaelekeza kidevu magharibi, upande wa milima ya mpaka wa Uganda. "Huko hakuna uwanja, mzee wa Mombasa. Huko watu walipigana."

Akalipwa pesa za pakiti moja ya unga na robo ya sukari. Akakunja mkebe wake kwapani akaenda zake.

Sasa, ndugu yangu, hebu tutulie juu ya ile sumaku, maana ndani yake mna habari kubwa kuliko hotuba nyingi za usalama tulizosikia. Risasi za AK-47 zinazozunguka pembe hii ya Afrika, zilizotengenezwa Uchina au nchi za iliyokuwa kambi ya Kisovieti, mara nyingi ganda lake ni la chuma lililopakwa rangi au shaba nyembamba juu. Sumaku hulinasa. Risasi za mtindo wa nchi za Magharibi, zile za bunduki ya G3 na za milimita 5.56, ganda lake ni la shaba ya manjano, ile ambayo mafundi wetu wa Majengo huiita brasi: kopa sehemu sabini kwa mia, zinki thelathini. Hiyo sumaku haiigusi, na ndiyo yenye bei. Ganda moja la G3 lina uzito wa gramu kumi na moja au kumi na mbili, kwa hivyo kilo moja ni maganda kama tisini. Ya 5.56 ni madogo, yataka mia na sitini kutimiza kilo.

Na bunduki za mtindo huo Kenya hii hubebwa na nani zaidi? Ni polisi, ni jeshi, ni askari wa akiba waliopewa bunduki na serikali. Ndiyo kusema mnunuzi wa Lodwar, bila ya kujua na bila ya kutaka kujua, kwa sumaku yake anatenganisha risasi zilizovuka mpaka na risasi zinazofanana na za serikali. Sisemi kila ganda la brasi ni la serikali. Yako ya AK ya brasi pia, na G3 ziko Sudan na kwengineko. Lakini nilipoona lile rundo la manjano lilivyokuwa kubwa, nikajiuliza: kama la uwanja wa shabaha lina maelezo, la milimani lina maelezo gani?

Swali hili si langu wa kwanza kuliuliza. Mwaka 2008 shirika la utafiti wa silaha ndogo ndogo lenye makao yake Geneva, Small Arms Survey, lilichapisha uchunguzi wa mtafiti James Bevan juu ya risasi haramu katika iliyokuwa wilaya ya Turkana Kaskazini. Njia aliyoitumia ni nyepesi hata mtoto wa madrasa angeielewa. Kila risasi kitakoni pake hugongwa alama: kiwanda na, mara nyingi, mwaka. Alizitazama risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji, akazilinganisha na zilizokuwa mikononi mwa vikosi vya usalama. Jawabu lilikuwa chungu. Karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka kinyume cha sheria kule zilitoka kwa polisi wa Kenya wenyewe, na zilitengenezwa hapa hapa nchini, kwenye kiwanda cha serikali cha Eldoret.

Wengi wakisikia hivyo hudhani ni hadithi ya askari mwizi anayeuza risasi usiku. Wapo, hatukatai. Lakini ripoti ile ilisema jambo lenye uzito zaidi: risasi zilitolewa kwa makusudi, kupitia askari wa akiba, ili Waturkana waweze kujilinda na majirani wa Sudan na Uganda waliokuwa na silaha. Serikali ilikuwa haina polisi wa kutosha wa kuulinda mpaka, ikaona njia rahisi ni kuwapa wenyeji risasi na kufumba jicho. Askari wa akiba hakuwa na mshahara. Alikuwa na bunduki, ng'ombe wake, watoto wake, na kaka yake asiye na risasi. Wewe ungekuwa ndiye, ungemnyima kaka yako?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaoandika Nairobi. Wao huona Turkana ni mahali pa watu wapendao bunduki. Waama mimi nimeona watu wanaoogopa. Februari 2025 wavuvi wa Kiturkana waliuawa huko Todonyang, kwenye ziwa karibu na mpaka wa Ethiopia, na wengine hawakuonekana tena. Mvuvi wa Vanga au wa Kizingitini aisome habari hiyo taratibu: umetoka alfajiri na nyavu zako, hurudi, na serikali inafika siku ya pili kuhesabu. Watu wa namna hiyo ukiwaambia warudishe bunduki, watakuuliza nani atalala mlangoni kwao usiku.

Na serikali yenyewe haijaamua. Mwaka 2019 iliwanyang'anya bunduki askari wa akiba katika kaunti kadhaa za kaskazini, ikisema zinatumiwa vibaya. Kelele zikapigwa, mifugo ikaibwa, watu wakafa, na baadaye askari wa akiba wakarudishwa kwa jina jipya. Februari 2023, baada ya polisi kushambuliwa kwenye barabara ya Kitale kwenda Lodwar, jeshi likaingizwa kuwasaidia polisi katika kaunti sita, Turkana ikiwa moja yake. Kila hatua kati ya hizo maana yake ni masanduku ya risasi yaliyopelekwa kaskazini. Tuliambiwa ni askari wangapi, tuliambiwa ni magari gani. Ni lini tuliambiwa risasi ngapi zilitoka ghalani na ngapi zilirudi?

Msisahau pia njia nyengine ambayo haina rushwa wala huruma ndani yake: kushindwa vitani. Novemba 2012 zaidi ya polisi arubaini waliuawa bonde la Suguta, upande wa Baragoi, Samburu, wakifuata ng'ombe walioibwa. Wengi wao walikuwa vijana waliotoka chuoni juzi. Silaha na risasi walizobeba hazikurudi zote kambini na maiti zao.

Turudi kwenye uwanja wa shabaha. Majeshi yaliyojengwa kwa mtindo wa Kiingereza yana desturi ya zamani: mazoezi yakimalizika, askari huinama wakaokota maganda, yakahesabiwa, kisha kila mmoja husimama mbele ya mkubwa wake akasema kwa kinywa chake kwamba hana risasi nzima wala ganda tupu. Si ubahili. Ganda ndiyo risiti. Ukichukua risasi mia ukarudisha maganda mia, hesabu imefunga. Ukirudisha sabini, ama ulikuwa mvivu wa kuinama, ama thelathini hazikupigwa, ziko mfukoni mwa mtu. Yule mama na mkebe wake, kwa hivyo, alikuwa amebeba hesabu isiyofungwa. Huenda maganda yale yalisahauliwa kwa uvivu tu. Lakini mahali ambapo risiti zinaachwa mchangani, mwizi hana kazi ya kughushi.

Na iko hatari ya mwili, ambayo sisi wa mbali hatuifikirii. Aokotaye maganda huokota na visivyolipuka. Wamaasai na Wasamburu wa Dol Dol na Archers Post wanaijua habari hii kuliko mtu yeyote. Kwa miaka mingi jeshi la Uingereza lilifanya mazoezi kwenye ardhi wanayochungia, likiacha nyuma vyuma vya kila aina. Watoto waliviokota, wengine kwa kucheza, wengine kwa kuuza. Mwaka 2002 wizara ya ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya watu mia mbili, waliojeruhiwa na jamaa za waliokufa. Hizo ni pesa za Mwingereza aliyeshitakiwa London kwa mawakili wa huko huko. Mtoto wa Turkana akikatwa mkono na kitu kilichoachwa na askari wetu wenyewe, atamshitaki nani, na kwa nauli gani?

Kakuma niliyakuta mambo hayo hayo kwa sura nyengine. Ni kama kilomita 120 kutoka Lodwar, kaskazini magharibi, na barabara sasa ni ya lami safi. Kambi ilifunguliwa 1992 walipofika vijana wa Sudan waliokuwa wakitembea kwa miguu kukimbia vita; leo, ukijumlisha na Kalobeyei, ni mji wa karibu watu laki tatu, na Kiswahili cha pale kina ladha ya Kongo, Burundi na Mogadishu kwa pamoja. Mwaka 2025 mgao wa chakula ulikatwa hadi ukafika chini ya theluthi moja ya kinachotakiwa, na Julai wakimbizi wakaandamana. Shemeji yangu aliniambia dalili ya kwanza aliyoiona dukani mwake haikuwa maandamano. Ni watoto walioanza kupita na magunia wakiuliza kama ana mikebe, nyaya, betri, chochote kizito. Mtu mwenye njaa haulizi chuma kimetoka wapi. Anayekinunua ndiye aliyepaswa kuuliza.

Sheria ya kumuuliza ipo. Sheria ya vyuma vikuukuu ya 2015 inamtaka mnunuzi awe na leseni na aweke kumbukumbu. Sisi wa Pwani tunaikumbuka vizuri, maana Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuharibiwa na nchi nzima kuingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara yote ya skrapu, na marufuku hayo yakakaa hadi Mei. Vijana wangapi wa Changamwe na Kisauni walilala njaa miezi hiyo kwa kosa la nyaya zilizoibwa bara? Serikali ilionyesha kwamba ikitaka kufuatilia chuma inaweza kufuatilia. Waya wa umeme ukipotea, taifa zima linatikisika. Ganda la risasi likipotea, linayeyushwa likawa bomba la maji.

Najua msomaji wangu wa Kuze au wa Majengo ashaanza kuguna: "Haya ya Turkana yatuhusu nini?" Yatuhusu mara mbili.

Kwanza, shaba ya Turkana ina mkono wetu. Babu zetu wa misafara ndio waliobeba masango, zile nyaya nene za shaba, kwenda bara kubadilisha na pembe za ndovu, na mabibi wa huko wakazifanya mapambo ya shingo na mdomo. Mwaka 1888 Wazungu Teleki na von Höhnel walipofika lile ziwa, aliyekuwa nao akiongoza msafara ni mtu wetu wa Pangani, Jumbe Kimemeta. Tulipeleka shaba, na katika misafara ile ile zilikwenda bunduki na baruti. Haya hatuyaimbi tunapoisifu siwa ya Lamu.

La pili ni la karibu zaidi, na linauma. Agosti 27, 2012 Sheikh Aboud Rogo alipigwa risasi barabarani mchana kweupe, mkewe yumo ndani ya gari. Aprili 1, 2014 Abubakar Shariff, Makaburi, akauawa nje ya mahakama ya Shanzu. Uwe ulikubaliana na mafundisho yao au ulikuwa ukiyapinga, kama nilivyoyapinga mimi, walikuwa raia na mahakama zilikuwa wazi. Hakuna aliyehukumiwa kwa vifo hivyo hadi leo. Katika mauaji ya namna hiyo, gari huondoka, mashahidi huogopa, lakini bunduki hutema ganda chini. Ganda hilo lina alama ya pini ya ile bunduki iliyolipiga na alama ya kiwanda kilicholitengeneza. Kisichokuwako ni alama ya tatu: fungu hili la risasi lilipewa kikosi gani, lini, na ni nani aliyetia saini.

Brazil alama hiyo ya tatu wanayo. Sheria yao ya silaha ya 2003 inataka risasi zinazouzwa kwa vyombo vya usalama zigongwe namba ya fungu kitakoni. Machi 14, 2018 diwani Marielle Franco wa Rio de Janeiro na dereva wake waliuawa ndani ya gari, kwa namna ambayo mtu wa Mombasa akisoma atadhani anasoma habari za kwao. Wachunguzi wakaokota maganda, wakasoma: fungu UZZ-18. Likafuatiliwa hadi risasi zilizouziwa polisi wa shirikisho mwaka 2006, na ikaonekana fungu hilo hilo lilitumika katika mauaji ya watu wengi huko São Paulo mwaka 2015. Alama peke yake haikumtaja muuaji, hilo lilichukua miaka zaidi. Lakini serikali haikuweza kusema risasi zimetoka kusikojulikana.

Risasi zetu zinatengenezwa Eldoret, kwenye kiwanda cha umma, kwa pesa za kodi. Kugonga namba ya fungu kitakoni hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kunahitaji bunge liseme, na jambo la kusikitisha ni kwamba wabunge wetu wa Pwani na wale wa kaskazini, ambao watu wao ndio wanaokufa kwa risasi zisizo na mwenyewe, sijawasikia wakikaa meza moja juu ya hili. Kila upande una maiti wake na hasira zake. Wa Lamu wanalia na operesheni ya msitu wa Boni iliyoanza 2015, wa Turkana wanalia na Todonyang.

Na yule mama na mkebe wake? Nina hofu kwamba siku serikali ikizinduka, itaanzia kwake. Itakuwa rahisi: polisi wawili, gunia moja, picha gazetini. Rai yangu ni kinyume kabisa. Yeye anunuliwe maganda yake kwa bei nzuri kuliko ya skrapu, kwenye kituo cha chifu au ofisi ya kaunti, aulizwe tu ameyaokota wapi, na yaandikwe kabla hayajayeyushwa. Anapita kwa miguu mahali ambapo mpelelezi hafiki kwa helikopta. Katika mwezi mmoja wa mikebe kama ile, serikali ingejua zaidi juu ya safari za risasi zake kuliko ilivyojua tangu ripoti ya 2008. Kama inataka kujua. Hilo ndilo sina hakika nalo, na nimeligeuza kichwani njia nzima.

Siku ya kuondoka Lodwar nilimuomba mnunuzi anionyeshe maganda machache ya brasi. Akanipa moja bure, la kutu ya kijani, lile la milimani. Nilikaa nalo mkononi mpaka gari lilipowashwa. Mbele yetu kulikuwa na vizuizi vya polisi hadi Kitale, nami ni Muislamu mwenye kofia na kitambulisho cha Mombasa, nimetoka Kakuma, mpakani; nikapiga picha ya mtu kama mimi akieleza ganda la risasi mfukoni mwake. Nikalirudisha juu ya gunia. Kabla ya hapo nilitema mate kidoleni, nikalisugua kitakoni na kulisoma. Alama ilikuwa ya Eldoret.